Jiko linalotengenezeka: kisa cha karakana moja ya Busia

Mama alifika asubuhi na mapema, jiko letu limefungwa kwa mpira nyuma ya boda boda. Huwa hapiti hapa bila kuuliza watoto wameamkaje. Siku hiyo alishuka, akashika kiuno, akasema: "Wanangu, jiko lenu limenimwagia posho ya wateja." Kisha, kwa sauti ya chini iliyotuuma zaidi: "Na mimi ndiye niliyewasifu kwa wenzangu."

Mama huyu anauza chakula karibu na maegesho ya matrela, upande wa Uganda wa Busia. Ana matoke, posho (ndivyo tunavyouita ugali huku), maharagwe, na siku nyingine samaki. Alinunua kwetu jiko la ukubwa wa hoteli, lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, lile umbo la kiuno chembamba lililoanza kuenea kutoka Kenya miaka ya 1980. Sisi tulilinakili kutoka ng'ambo ya mpaka kipimo kwa kipimo, tukalikuza tu. Lilikuwa linaokoa makaa kweli, lakini lilikuwa limeanguka.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa vikundi vya vijana ambao kila semina huambiwa watengeneze bidhaa rafiki kwa mazingira bila kuonyeshwa pa kuanzia. Sisi tulianzia kwenye posho iliyomwagika.

Kwanza karakana yenyewe. Tuko watu saba. Fundi mkuu wa bati ni mzee wa Kisamia ambaye sote tunamwita Mzee. Vikombe vya udongo hutoka kwa mama wa Kijapadhola kutoka upande wa Tororo, tunamwita Shangazi. Kuna vijana wanne, wawili Wateso, mmoja Mnubi, mmoja Mluhya aliyevuka kutoka Kenya akaoa huku. Mimi natunza daftari na vipimo. Ukisimama mlangoni utasikia Kiswahili siku nzima, kwa kuwa hakuna lugha nyingine inayotukutanisha sote. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, Mzee alishangaa tu kwamba jambo hilo lilihitaji kikao. Mji huu ni wa kuvushana. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa, enzi za baiskeli zilizokuwa zikibeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Siku moja jikoni

Mama alipomaliza kusema, vijana walikuwa tayari kubisha: sufuria yake kubwa mno, alikoroga vibaya, sakafu yake haiko sawa. Mzee aliwanyamazisha kwa mkono. Akaniambia, "Mwanangu, chukua daftari, kesho nenda ukakae kwake tangu alfajiri. Usimfundishe kitu. Angalia."

Nilifika giza bado halijatoka. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pembeni ya ukuta wa mabati, hadi saa kumi jioni. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii, sijapata somo kama la siku ile.

Kitu cha kwanza kilikuwa matoke. Alimenya, akafunga kwa majani ya migomba, akaweka mashina ya majani chini ya sufuria ili matoke yasiguse maji, akafunika kwa majani mengine mpaka sufuria ikawa kilima. Baada ya hapo matoke hayataki moto mkali. Yanataka mvuke wa saa nyingi, taratibu, na hata yakishaiva lazima yabaki juu ya joto mpaka mteja wa mwisho. Jiko letu lilikuwa na mlango mdogo wa hewa uliopaswa kufungwa kupunguza moto. Bawaba yake ilikuwa imelegea, mlango umekwisha dondoka, na mahali pake Mama ameegemeza kigae cha paa. Kwa hiyo makaa yalikuwa yakiwaka kwa nguvu ya bure saa zote ambazo matoke hayakuhitaji nguvu. Sisi tulikuwa tumehangaika na udongo na joto, kumbe sehemu kubwa ya akiba ilikuwa inapotelea kwenye bawaba ya shilingi chache.

Kitu cha pili kilikuwa posho. Hapa ndipo nilipoelewa. Maji yalipochemka, alimwaga unga, akashika mwiko mrefu kwa mikono miwili, akapanua miguu, akaanza kusonga. Posho ya wateja si uji. Inapokaza, mwiko husukuma sufuria nzima mbele na nyuma, na sufuria husukuma jiko. Ukingo wa sufuria yake ulikuwa umetokeza nje ya jiko pande zote. Kila msukumo wa mwiko ulikuwa kama mtu anayeng'oa mti kwa kushika matawi. Mwanawe wa kike alikuwa amechuchumaa upande wa pili, ameshika sufuria kwa matambara mawili, uso ameugeuzia pembeni kukwepa joto. Nikauliza kama hufanya hivyo kila siku. "Tangu tununue jiko lenu," akajibu Mama. Hakuwa analaumu, alikuwa anajibu swali.

Kona ya jikoni kulikuwa na jiko lake la zamani, ringi ya gari iliyochomelewa vyuma vitatu vya kushikia sufuria. Ringi inakula makaa bila huruma, haina udongo wala kizuizi cha joto. Nilimuuliza kwa nini hakuiuza. "Hiyo haianguki," akasema. Nimeyabeba maneno hayo mawili hadi leo. Jiko tuliloliita duni lilikuwa na sifa moja tuliyoisahau kabisa, na kwa mtu anayesonga posho ya watu thelathini, sifa hiyo inatangulia nyingine zote.

Nilirudi na kurasa sita za daftari. Mzee alizisikiliza zote, kisha akasema tuligeuze jiko chini juu.

Pipa linavyokatwa

Mali ghafi yetu kubwa ni pipa la chuma la lita 200, lile la mafuta ya mitambo. Ukilitoa mfuniko na kitako, ukalipasua ubavuni na kulinyoosha kwa nyundo, unapata bati lenye urefu wa kama sentimita 180 na upana wa 88, unene karibu milimita moja. Kitako na mfuniko ni visahani vya duara vya sentimita 57 hivi, vyenye ukingo uliokunjwa, mgumu sana. Miaka yote tulikuwa tunatumia bati la ubavu na kuuza visahani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana ukingo ule unaua mkasi.

Sasa tazama umbo la kiuno chembamba. Ukitaka bati lizunguke kama koni, huwezi kukata mstatili. Unakata upinde, kama kipande cha sketi. Pinde hazipangiki vizuri juu ya mstatili, na kila unapokata moja unabaki na pembe pembeni. Vijana hufanya mlango na mikono kutokana na pembe hizo, lakini tulipozipima kwa mizani mwishoni mwa juma moja, rundo lililobaki lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Na chuma hicho tulikuwa tumekilipia. Viwanda vya kuyeyusha chuma vya Jinja na kwingineko vinavuta chuma chakavu chote cha mashariki, na bei ya pipa tupu hufuata bei hiyo.

Mzee alipendekeza ukuta wa jiko uwe wima, kama pipa lenyewe. Mstatili unakatwa bila kubakiza kitu, unakunjwa, unapigwa ribiti. Tatizo likawa kwamba kiuno chembamba kilikuwa na kazi yake. Ndicho kilichokuwa kinashikilia kikombe kisizame, na ndicho kilichopunguza joto linaloshuka kitakoni. Ukiondoa kiuno, lazima uweke kitu kingine. Tulijaribu vipande vitatu vya bati vilivyokunjwa ndani kama rafu. Vilipinda kwa joto. Tukajaribu pete nzima iliyokatwa kwenye mfuniko wa pipa, ikashika. Yaani sehemu tuliyokuwa tunaiuza kwa kilo ndiyo iliyokuwa inahitajika.

Na kitako kizima, kile kisahani cha sentimita 57, tulikiweka chini ya jiko la hoteli kama unyayo, ukingo ukitazama juu. Kikawa kipana kuliko sufuria. Ukisukuma mwiko, jiko halina pa kwenda. Faida ya pili hatukuipanga. Ukingo unashika majivu na kaa linalodondoka, kwa hiyo sakafu ya Mama haiungui tena. Nimekuja kuamini kwamba ubunifu mwingi wa mtaani ni huu, kutambua kwamba mtu mwingine, huko kiwandani, alishaikunja chuma kwa namna unayoihitaji, na kazi yako ni kutoiharibu.

Neno kuhusu usalama, kwa kuwa nimeona vijana wa karakana nyingine wakipuuza. Pipa lililobeba petroli au kemikali halikatwi kwa moto kabla ya kuoshwa kwa maji na sabuni na kujazwa maji. Mvuke uliobaki ndani hulipuka na huua. Na mabati ya paa, yaliyopakwa zinki, hayachomelewi ovyo wala hayawekwi mahali pa moto mkali. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku. Sisi tunayatumia kwa vibanda tu.

Udongo haukimbizwi

Shangazi huchimba udongo kwenye bonde lenye maji, kama wafinyanzi wote wa pande hizi. Karibu kila kitu kingine anachohitaji kiko jirani, na kila ninapolifikiria jambo hili nafurahi upya. Makapi ya mpunga yanatoka Bugiri, kwenye mashamba ya Kibimba, au Doho kule Butaleja, ambako yanarundikwa kama takataka. Saruji inatoka Tororo. Vemikulaiti, yale madini yanayofanana na vigae vya dhahabu hafifu, yanachimbwa Namekara, chini ya Mlima Elgon. Ukiyapasha moto mkali, maji yaliyofungwa kati ya tabaka zake hugeuka mvuke na kuyatanua kama bisi. Yakishatanuka ni mepesi na hayapitishi joto kirahisi. Hayo ndiyo tunayoshindilia kati ya kikombe na bati.

Kikombe chenyewe ni udongo uliochanganywa na makapi yaliyosagwa na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Makapi huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo. Vitundu huzuia joto kutoroka, na ufa ukianza hukwama kwenye kitundu badala ya kukimbia hadi mwisho. Vigae, kwa kuwa vilishachomwa, havisinyai tena, hivyo vinapunguza kusinyaa kwa kikombe kizima.

Kabla ya kisa cha Mama, kila kikombe kilikuwa na ukubwa wake, kwani mkono wa Shangazi ni mkono wa mtu. Kwa jiko jipya tulihitaji vyote viwe sawa, kwa sababu nitakayoieleza. Tukatengeneza kalibu ya saruji, yaani umbo la kufinyangia kikombe. Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Nilipima kalibu kwa kipimo cha kikombe kilichokamilika, sentimita 24. Udongo wa Shangazi husinyaa kama sehemu moja ya kumi tangu ubichi hadi kutoka tanurini, kwa hiyo kalibu ilipaswa kuwa karibu sentimita 26.7. Shangazi aliniangalia nikijaza daftari na akanyamaza. Baadaye aliniambia alidhani najua ninachofanya, maana nimesoma. Kalibu ya kwanza sasa ni kiti cha kukalia.

Pigo kubwa lilikuja msimu wa masika. Shirika moja, ambalo jina nalihifadhi, lilitupa oda kubwa ya majiko ya nyumbani, yote yapakwe rangi yao na nembo yao, yatolewe bure kwa familia. Muda tuliopewa ulikuwa mfupi. Mvua inanyesha kila siku mchana, vikombe havikauki. Tukavitoa juani kila jua lilipochomoza, tukavirudisha mvua ilipokuja. Nje vilionekana vikavu. Tukavipanga tanurini, tukachochea haraka, na asubuhi, tanuri bado linapumua joto, mmoja wa vijana akafungua mlango ili tuwahi gari.

Tulisikia mlio. Siwezi kuufananisha na kitu kingine zaidi ya vikombe vya chai vinavyogongana kabatini. Vilikuwa vikombe vyetu vinapasuka kimoja baada ya kingine, mbele ya macho yetu, kwa hewa ya asubuhi. Vingine vilikuwa vimeshavunjika tangu usiku kwa maji yaliyojificha katikati ya ukuta, yakageuka mvuke na kukosa njia. Vile vya asubuhi vilikufa kwa sababu nyingine. Ndani ya udongo kuna chembe za mchanga wa kwatzi, na joto linaposhuka kupita nyuzi 573 za Selsiasi, chembe hizo hujikunja ghafla. Ukipita hapo polepole, kikombe chote hujikunja pamoja. Hewa baridi ikiingia kwa kishindo, upande mmoja hujikunja na mwingine haujawa tayari. Shangazi hakuwa na namba hiyo, lakini alikuwa na kanuni aliyoachiwa na mama yake, kwamba tanuri halifunguliwi mpaka uweze kuweka kiganja mlangoni ukahesabu hadi ishirini. Sisi tulioisoma namba ndio tuliovunja kanuni.

Tangu siku hiyo vikombe vinakauka kivulini, vimefunikwa kaveera (mfuko wa plastiki) lililotobolewa, kwa wiki mbili wakati wa mvua. Tunapima vichache kwa mizani kila asubuhi. Uzito ukiacha kushuka siku tatu mfululizo, ndipo vinaingia. Tanuri tunalichochea kwa makapi ya mpunga pamoja na kuni kidogo za kuanzishia. Jiko la kuokoa miti lililochomwa kwa gogo la mvule lingenikosesha usingizi.

Na mashimo ya udongo tunayafukia. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inalinda ardhi oevu, lakini sikuhitaji sheria kuliona hilo. Shimo lililoachwa hujaa maji, mbu huzaana, na mtoto akitumbukia hakuna anayemsikia.

Kikombe hufa kabla ya bati

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki kwangu. Katika jiko la namna hii, kitu cha kwanza kufa ni kikombe. Kinapigwa na mwiko, kinamwagiwa maji, kinapanuka na kusinyaa kila siku ndani ya bati ambalo lenyewe hupanuka karibu mara mbili ya udongo. Bati la pipa likitunzwa linadumu kikombe kimoja, cha pili, hata cha tatu. Lakini sisi, kama karakana karibu zote nilizotembelea, tulikuwa tunagandisha kikombe ndani ya bati kwa saruji nyingi. Kikombe kikifa, huwezi kukitoa bila kupinda bati. Mwenye jiko analiuza kwa kilo, au analitupa nyuma ya nyumba.

Tulikuwa tunatengeneza kitu kizuri chenye tarehe ya kufa, na kila kinapokufa kinazika chuma kizima pamoja nacho.

Tulipunguza saruji. Sasa tunashindilia vemikulaiti iliyochanganywa na uji wa udongo na saruji kidogo tu, ya kuishika isimwagike jiko likigeuzwa. Kijana mwenye patasi anaing'oa bila kuumiza bati. Kikombe kipya, kwa kuwa kimetoka kwenye kalibu ileile, kinakaa juu ya ile pete ya mfuniko bila kuchongwa. Mteja anakunywa chai kwa jirani, akirudi jiko liko tayari, isipokuwa kwamba tunamwomba asiliwashe mpaka lishinde siku mbili. Analipa chini ya nusu ya bei ya jiko zima. Mlango wa hewa nao hauna bawaba tena. Unateleza kwenye mikunjo miwili ya bati, juu na chini. Ukipotea, mtoto anaweza kukata mwingine.

Mzee alikuwa na wasiwasi, na hoja yake ilikuwa ya haki. Tukiuza vikombe, nani atanunua majiko? Mauzo ya majiko mapya kwa wateja wa zamani yalipungua kweli, sitaficha. Lakini mteja anayerudi na jiko lake huja na jirani, na jirani anaona kwa macho yake kwamba jiko la miaka mitatu bado lina bati zima. Kikombe pia kinatuachia faida nzuri kuliko jiko, kwa kuwa hakina chuma ndani yake. Shangazi, ambaye zamani alilipwa baada ya kila mtu, sasa ndiye anayesubiriwa.

Tulijipima wenyewe pia, kwa njia ya kawaida: makaa yaliyopimwa kwa mizani, lita tano za maji, sufuria ileile, mahali palepale pasipo na upepo. Tulirudia mara nyingi kwa siku tofauti. Ukilinganisha na ringi ya gari, jiko jipya lilitumia makaa pungufu kwa karibu theluthi, na siku za matoke, mlango ukifungwa vizuri, pungufu zaidi. Vipimo vya kitaalamu ni kazi ya maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere inayopima majiko, na mpaka tupeleke letu huko sitaandika asilimia kwenye kibandiko chochote.

Kuhusu ile oda ya bure, nitasema machache. Tulitimiza, tukachelewa, tukalipwa pungufu. Kilichoniuma ni kilichofuata. Katika vijiji vilivyopewa, watu waliacha kununua majiko kabisa. Mama mmoja aliniambia wazi, "Kwa nini ninunue, binti yangu? Mengine yatakuja." Majiko yale yalikuwa ya muundo wa zamani uliogandishwa, kwa kuwa shirika lilikuwa limeshapiga picha za muundo huo kwenye karatasi zao. Yakianza kufa vikombe, hakuna aliyejua pa kuyapeleka. Sina ugomvi na msaada. Naomba tu anayetoa jiko atoe pia njia ya kulitengeneza, hata kama ni namba ya simu ya fundi iliyogongwa kwa msumari kwenye bati.

Makaa bado ni makaa

Jiko bora halifuti tatizo la makaa. Ili upate kilo moja ya makaa kwa tanuri la udongo la porini, unachoma kilo tano hadi kumi za kuni. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3 kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, na sisi wa mpakani tuliiona amri hiyo kwenye kaveera la makaa likizidi kuwa dogo kwa bei ileile. Umeme upo. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Lakini sufuria ya matoke ya watu thelathini inataka waya, mita na uwezo ambao banda la Mama halina. Kwa hiyo sakafu ya kikombe chetu tumeitoboa matundu mapana zaidi na chumba cha majivu tumekiongeza kimo, ili jiko likubali makaa ya takataka, yale yanayofinyangwa kwa vumbi la makaa na maganda. Yana majivu mengi, na jiko la zamani lilikuwa linayakaba.

Na jambo hili tunamwambia kila mnunuzi kabla hajalipa: jiko hili, kama jiko lolote la makaa, halilali ndani na watu. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Wakati wa baridi ya mvua za Aprili wapo wanaolivuta ndani wapate joto, milango imefungwa.

Mama alirudi mwezi uliopita, safari hii jiko likiwa kwenye toroli. Kikombe cha pili kilikuwa kimekwisha. Unyayo wa pipa ulikuwa umepata kutu kidogo ukingoni, ribiti zote zipo. Binti yake, yule aliyekuwa anashika sufuria kwa matambara, ndiye aliyelisukuma toroli. Wakati kijana anachimbua vemikulaiti kwa patasi, nilimuuliza kama bado anashika sufuria. Akacheka, akasema siku hizi anauza soda saa za posho.

Kinachotusumbua sasa ni mapipa. Kila mwaka yanaingia ya plastiki zaidi na ya chuma machache. Mzee ameanza kukata maganda ya friji mabovu. Bati lake ni jembamba na lina rangi inayonuka ikipata moto. La kwanza liko uani, tumeliwasha tupu mara tatu, milango yote wazi. Jana jioni alilizunguka tena, akainama, akanusa, akasema liwashwe mara ya nne.